Mada ya Mwaka katika Kituo cha Vuriko

Alikuja siku ya kuchagua mada, saa nne asubuhi, na hakubisha mlangoni. Alibisha dirishani. Niliponyanyua kichwa niliona uso wa mwanamke wa makamo, kilemba cha kitenge, na mkono ulioshika kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mlango uko wapi?" akauliza. "Nimeizunguka nyumba hii mara mbili kama mwizi."

Mlango wa Kituo cha Vuriko ulikuwa nyuma, na nusu yake ilikuwa imezibwa na betri za jua. Hakuna aliyewahi kuja kwa miguu. Waliotaka kitu kutoka kwa Elezo, ensaiklopidia ya nchi nzima tuliyoihariri, waliandika ujumbe, nasi tuliwajibu kwa ujumbe. Nilisogeza betri mbili, akapita ubavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Nakundwa Mchome?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Mdogo hivi? Mimi nilijiandaa kugombana na mtu mzima."

Hatukuwa na kiti cha mgeni. Alikaa juu ya sanduku la betri, akauweka mfuko wake mapajani, akajitambulisha kuwa anaitwa Nanzia Mrindoko, wa upande wa chini ya kanisa. Elisafi, mkuu wa kituo, alitoka chumba cha pili na kikombe mkononi.

"Mama, samahani," alisema, "hapa hatupokei watu. Tunapokea vyanzo."

"Basi mimi ni chanzo, baba. Nimekuja kwa miguu yangu."

Elisafi alicheka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kazi ile, na alikuwa bado anakumbuka ni mahali gani mtu hucheka.

Mgeni alininyooshea kidole nyuma ya sikio la kushoto. "Hicho ndicho kile kidude?"

"Ndicho. Kinaitwa ganzi."

"Kinauma?"

"Hapana, mama. Hakuna kinachouma."

Ganzi ni kibandiko chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Kila mhariri wa Elezo hubandikwa siku anapokula kiapo. Zamani, kabla sijazaliwa, mtu yeyote aliweza kuhariri. Hilo halikuwa na neno wakati Elezo lilipokuwa la kusoma tu. Kisha mashine zikaanza kulisoma pia. Mashine za maji, za zahanati, za kugawa mbegu na ajira, zote zikajifunza kuamini kilichoandikwa humo. Vijiji viwili vya nyanda za chini vikahaririana mipaka usiku na mchana kwa miezi minne, na mashine za kuchimba zikawa zinahamisha mtaro kila kukicha, hadi zikapita katikati ya shule yenye watoto. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba anayeandika asiwe na upande, na kwa kuwa hakuna mtu asiye na upande, tukatengenezewa ganzi.

Nilibandikwa mwezi mmoja baada ya kumaliza chuo. Niliamini, na nikikumbuka vizuri niliamini kwa moyo wote, kwamba ukiandika kweli vizuri watu watatendewa haki. Mama yangu alipofariki mwaka jana nilikwenda kuzika, nikarudi, nikamalizia makala ya vinyonga.

"Uliandika habari za kaka yangu," Nanzia alisema. Akafumba macho, akaikariri makala kwa sauti kama mtoto anayesoma sala. "'Ajali ya Tangi la Vuriko ilitokea tarehe tatu Machi. Ukuta wa tangi jipya la maji ulipasuka wakati wa kujazwa. Watu kumi na mmoja walifariki. Chanzo kilikuwa uzembe wa msimamizi, Kiondo Mrindoko, aliyeruhusu maji kabla zege halijakomaa. Makala hii ni mbegu.'" Akafumbua macho. "Nimeacha neno?"

Nilifungua ukurasa. Hakuwa ameacha neno. Jina langu lilikuwa chini, tarehe mbili Aprili, karibu miaka mitatu iliyopita, mwezi wangu wa pili kazini. Chanzo kilichonukuliwa kilikuwa kimoja.

"Aliyesema ni uzembe ni nani?"

"Ripoti ya kampuni iliyojenga."

"Na sisi tulisema nini?"

"Sikuwauliza."

"Kwa nini hukuuliza, mwanangu? Tanga la msiba lilikuwa pale." Alinyoosha mkono kuelekea dirishani. "Nyumba ya tatu kutoka kanisani. Siku tisa. Kijiji kizima kililala nje. Hukusikia watu wakiimba?"

"Nilisikia," nilisema. "Nilifunga dirisha."

Nikaona inafaa kueleza. "Ni kanuni, mama. Mhariri haendi msibani. Msibani kuna upande."

"Msibani kuna makande," alisema Nanzia. "Huo upande unauona wewe."

*

Aliacha mfuko juu ya meza na kuniambia angerudi kesho yake. Elisafi aliurudishia mlango betri zake, akaketi mbele yangu na kufungua orodha.

Kila kituo kina mada moja kwa mwaka. Tunaweza kupanda mbegu nyingi tupendavyo, sentensi nne au tano kila moja. Lakini kuipandisha mbegu iwe mti, makala iliyokamilika ambayo kila mashine nchini itaitii bila kuuliza, ni mara moja tu kwa mwaka, kwa sababu lazima wahariri arobaini wa vituo vingine waisome neno kwa neno. Na sentensi yenye chanzo haifutwi ndani ya mbegu. Hubadilika tu makala ikipandishwa. Mbegu isipopandishwa kwa miaka mitatu inakuwa gogo. Gogo halikui wala halichongwi. Linabaki hivyo.

"Tangawizi," alisema Elisafi.

Programu iliyopima mada, tuliyoiita Mzani, ilikuwa imeipa Kuoza kwa Tangawizi ya Milimani alama tisini na nne. Ugonjwa ule ulikuwa umeingia mabonde matano. Makala yake ingekuwa mti, mashine za kunyunyizia dawa zingepanda mlimani kabla ya mvua za vuli. Bila mti hazipandi. Ajali ya Tangi la Vuriko ilikuwa na alama sita.

"Lini inakuwa gogo?" niliuliza.

"Ipi?"

"Ya tangi."

Aliangalia. "Ijumaa." Halafu akaniangalia mimi. "Usianze, mwandishi."

"Sijaanza. Nauliza."

"Kaya mia nne zinalima tangawizi hapa. Unataka niziambie nini? Kwamba shangazi mmoja alibisha dirishani?"

Nilifungua mfuko. Ndani mlikuwa na daftari la shule, jalada lake limepigwa maji likakauka, limevimba kama mkate. Kwenye ukurasa wa kwanza paliandikwa kwa kalamu ya bluu: Kuanua Tanga, Vuriko, 12 Machi. Katibu: Mwalimu Yonaza Mmbaga.

Najua desturi hiyo, nimekulia humo. Siku ya kuanua tanga, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kuuliza: Nani ana neno juu ya marehemu? Nani alikosewa naye? Aseme leo, kwa maana baada ya leo hatutasikiliza. Vuriko walikuwa na marehemu kumi na mmoja, kwa hiyo wakaanua tanga moja kwa wote, na swali likaulizwa mara kumi na moja.

Lilipofika kwa Kiondo, daftari lilijaa kurasa nne.

Mke wa Kangero Mziray alisimama akasema mumewe alirudi nyumbani usiku wa kuamkia ajali na kusema Kiondo amekataa kujaza, kwamba amegombana na injinia wa mjini kwa simu mbele ya vijana wote. Mama yake Sekiete, wa bonde la pili, ambaye hakuwahi kuzungumza na mke wa Kangero maishani mwake, alisema mwanawe alimwambia hivyo hivyo. Baba wa kijana aliyeitwa Elieneza alisema bomba lilifunguliwa kutoka mjini, kwa mtambo, bila mtu kugusa kitu pale; kwamba mwanawe alimpigia kumwambia maji yamekuja yenyewe na Kiondo ameshuka tangini kuwatoa wenzake. Simu ikakatika. Halafu Mwalimu Yonaza aliandika: "Msemaji ameuliza mara tatu kama kuna anayemdai Kiondo damu ya mtoto wake. Nyumba kumi zimejibu hapana." Chini yake kulikuwa na alama kumi za dole gumba.

Nilisoma kurasa zile mara mbili. Sikuhisi chochote, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona tu jambo moja. Ripoti ya kampuni ilikuwa ya tarehe ishirini Machi. Daftari lilikuwa la kumi na mbili. Kanuni ya Elezo inasema maneno ya nyumba tatu zisizo na undugu, yakiandikwa kabla mgogoro haujaanza, ni chanzo halali. Watu wale walisema waliyosema siku nane kabla hawajajua kwamba kuna atakayemlaumu mtu.

"Hiki ni chanzo," nilimwambia Elisafi.

Alisoma polepole. "Ni chanzo," alikubali. "Kilikuwa mita mia tano kutoka hapa."

"Ndiyo."

"Ukiichagua makala yako mwenyewe, unatangaza kwamba ulikosea. Watakushusha alama. Mwakani hawatakupa mada."

"Najua."

"Na tangawizi inaoza kweli, Nakundwa. Hiyo si alama, ni mizizi. Kaka wa mtu amekwisha kufa."

Hapo ndipo nilipokwama, na nilikwama mchana kutwa. Mtu mwenye moyo wake angesukumwa na kitu, upande huu au ule. Angemwonea huruma Nanzia, au angewaogopa wakulima. Mimi nilikuwa na meza, daftari na orodha. Nilizipima kaya mia nne dhidi ya sentensi moja, na kila nilipopima, Mzani ulikuwa sahihi. Lakini nilirudi kila mara kwenye tofauti moja ndogo. Makala ya tangawizi ilikuwa pungufu. Makala ya tangi ilikuwa ya uongo, na uongo huo niliupanda mimi. Sikujua kama tofauti hiyo inatosha kuozesha shamba la mtu.

*

Kesho yake sikumsubiri. Nilishuka mwenyewe, nikamkuta Nanzia shambani, amepiga magoti kwenye tuta. Aliniona, akang'oa shina moja, akalipasua kwa kidole gumba. Ndani lilikuwa la kahawia na lililainika kama sabuni iliyoloweshwa. Harufu yake ilikuwa mbaya.

"Unalima tangawizi," nilisema.

"Nani halimi?"

"Mama, nikichagua habari za kaka yako, dawa haiji mwaka huu. Kwako pia."

"Elisafi alinipigia jana jioni akaniambia. Yule bwana anasema kila kitu kwa sauti moja, kama anatangaza bei ya mahindi." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Unadhani nilikuja kwako bila kuwauliza wenzangu? Nyumba zote kumi zinalima. Tulikaa. Mama Sekiete ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wote, na ndiye aliyenitoa kitini: nenda, Nanzia, nenda kabla hawajafunga."

"Kumi si mia nne."

"Si mia nne," alikubali. "Hao wengine sikuwauliza. Watanichukia, na watakuwa na haki." Aling'oa shina jingine. "Kiondo ana binti, Naiji. Ameomba kufundishwa ufundi wa mitambo ya maji. Mtoto huyo anafungua pampu na kuifunga kama anavyosuka nywele. Mashine ya ajira ikamjibu kwamba ombi limewekwa pembeni hadi makala ya baba yake ifungwe. Ikifungwa ilivyo, hataajiriwa popote penye maji. Wala watoto wake."

Kwa hiyo nilikuwa na hesabu nyingine ya kuongeza, nayo haikubadili kitu kwenye Mzani. Nilisimama pale, jua likinichoma shingoni. Nilifikiri: kama ningekuwa mkulima wa bonde la tatu, ningetaka kuambiwa nini? Ningetaka dawa. Na kama dawa ikikosekana, ningetaka angalau aliyeninyima aniambie sababu usoni, si kwa ujumbe.

"Nitaichagua," nilisema. "Na nitakwenda mabonde yote matano kuwaeleza mwenyewe."

Nanzia hakushukuru. Aliketi kwenye tuta na kulitupa lile shina lililooza mbali. "Basi niongeze moja. Ukimaliza usinitumie kwa simu. Njoo nyumbani utusomee, sisi wa zile nyumba. Na ukisoma, ondoa hicho kidude."

"Mama, hicho hakiondolewi hivyo."

"Sitaki kusomewa na redio, mwanangu. Redio tunayo."

Ningeweza kumweleza. Ganzi haifuti kitu, inazuia tu. Ukimaliza mkataba unalazwa siku thelathini na daktari anakuondolea kidogo kidogo, kama mtu anayefungua bomba kwa robo mzunguko. Ukibandua mwenyewe, kila kilichozuiwa huja chote kwa pamoja, na cheti chako cha uhariri kinakufa saa ileile, na ganzi ya pili haibandiki. Niliyajua yote hayo. Hayakunitisha, kwa kuwa hakuna kilichonitisha.

"Nitakiondoa," nilisema.

Kuahidi ukiwa na ganzi ni rahisi mno. Nililiona hilo papo hapo, na sikujirudi.

*

Niliandika kwa siku mbili. Alhamisi, wahariri arobaini walisoma. Mmoja wa kanda ya ziwa aliuliza kwa nini alama za dole gumba ziko kumi na marehemu ni kumi na mmoja. Nilimjibu kwamba nyumba ya kumi na moja ni ya Kiondo mwenyewe. Jioni makala ikawa mti. Ilisema bomba lilifunguliwa kutoka mjini. Iliweka ripoti ya kampuni na daftari la tanga, kila kimoja na tarehe yake. Mwishoni nilitaja kosa la mhariri wa kwanza, kwa jina langu.

Ijumaa na Jumamosi nilizunguka mabonde. Bonde la kwanza waliendelea kupalilia. La tatu mzee mmoja aliniuliza kama Elezo linaliwa. La nne walinitemea mate karibu na miguu, nikawaeleza hadi mwisho, nikaondoka. Kwa wengi wao tangawizi iliisha mwaka ule. Sina sentensi ya kuliondoa jambo hilo.

Jumapili Elisafi alinikuta nikifunga shati. "Hakuna aliyeandika ahadi hiyo mahali," alisema. "Haina chanzo. Nenda ukawasomee hivyo ulivyo, watakuelewa."

"Niliisema."

"Ukiibandua huna kazi. Una miaka ishirini na sita, Nakundwa. Kazi hii uliitaka tangu shule, uliniambia."

"Ndiyo. Nakumbuka niliitaka."

Alisimama mlangoni akigusa kibandiko chake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekagua jino. "Ukiweza," alisema, "uje uniambie ikoje."

Nyumbani kwa Nanzia walikuwa wamekaa uani, watu thelathini hivi, wengi wao wanawake. Binti mrefu mwenye mafuta ya pampu kwenye kucha alinipokea begi. Nikajua ni Naiji. Walikuwa wamenionea aibu kidogo, kama watu waliomwomba mgeni kitu kikubwa na sasa wanatamani wangeomba kidogo.

Nanzia alinisogelea. "Mwanangu, nimeambiwa gharama yake. Yule Elisafi kanipigia tena. Soma tu hivyohivyo. Sikulaumu."

"Asante, mama," nilisema.

Nikaingiza ukucha chini ya ukingo wa kibandiko nikavuta. Kilitoka na nywele mbili tatu. Nilikiweka mfukoni. Nikasubiri, na hakikutokea kitu, nikafikiri labda mimi ndivyo nilivyo sasa, labda ndani hamkuzuiwa chochote. Nikafungua karatasi.

"Ajali ya Tangi la Vuriko," nilisoma. Sauti yangu ilikuwa ileile. Nilisoma tarehe, zege, bomba na mtambo wa mjini. Nikafika kwenye majina.

"Kiondo Mrindoko," nilisoma. "Kangero Mziray."

Nikaona jina la tatu, Elieneza, miaka kumi na tisa, aliyempigia baba yake. Nikakumbuka baba yake, niliyeonyeshwa nilipoingia, amekaa upande wangu wa kulia, ameshika kofia. Na kitu kikanipiga kifuani kutoka ndani, si cha Elieneza peke yake. Kulikuwa na wimbo wa siku tisa. Kulikuwa na mashina yaliyooza ya mabonde matano. Kulikuwa na mama yangu, mchanga wa kaburi lake kwenye viatu vyangu, nami nikiupangusa nisichafue gari. Nilisikia sauti mbaya, nikachelewa kujua ni yangu. Mistari ya karatasi ikachanganyikana.

Hakuna aliyeniambia nyamaza. Mtu aliniletea kigoda, mwingine akanishika bega, akaliacha, akalishika tena. Nilitaka kukirudisha kile kibandiko. Nilikuwa tayari nimekipapasa mfukoni. Kingekuwa kipande cha plastiki tu.

"Hatuna haraka," alisema baba yake Elieneza. "Tunakusubiri, binti. Pumua kwanza."

Nilipumua. Nilipangusa macho kwa mkono wa shati, nikaitafuta sehemu niliyoachia kwa kidole. Jina lake nililisoma vibaya mara ya kwanza, sauti ilikatika katikati, kwa hiyo nikalirudia tangu mwanzo ili lisikike lote. Kisha nikasoma la nne.